Mkristo akiteswa kwa imani yake: lini akimbie, lini adai haki, lini asimame

Mahubiri mengi kuhusu mateso huishia kwenye neno moja: vumilia. Neno lenyewe ni la kweli, ila halimtoshi binti aliyetolewa nje na begi lake saa tatu usiku, wala mchungaji aliyekuta karatasi ya vitisho imebandikwa mlangoni mwa kanisa. Mtazame Paulo peke yake. Dameski alishushwa ukutani usiku ndani ya kapu, akatoroka. Filipi alichapwa viboko akalala gerezani, na asubuhi walipotaka kumwachia kimyakimya akakataa, akawataka mahakimu waje wenyewe kumtoa. Yerusalemu hakungoja kiboko cha kwanza: walipokuwa wakimfunga kamba akamuuliza akida kama ni halali kumpiga raia wa Rumi ambaye hajahukumiwa. Kaisaria akakata rufani kwa Kaisari. Mwisho, kwa mapokeo ya kanisa, akauawa Rumi. Mtu mmoja, imani ile ile, na kila mji jibu lake.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nivumilie vipi?", kanisa linapaswa kuuliza: hapa ni mahali pa kukimbia, pa kudai haki, au pa kusimama? Wanaojibu swali hilo siku ya mkasa, bila kuwa wamelizungumza kabla, mara nyingi hulijibu vibaya.

Kuna swali dogo linalotangulia, nalo halipendwi: je, haya ni mateso kweli? Petro anaonya tusiteswe kama wezi, watenda mabaya, au watu wanaojishughulisha na mambo ya wengine. Kanisa lililotozwa faini na NEMC au NEMA, mamlaka za mazingira za Tanzania na Kenya, kwa sababu spika zinanguruma hadi saa nane usiku halijateswa, limesumbua majirani. Mhubiri aliyepanda jukwaani sokoni akatukana dini ya wengine, polisi wakamshusha, naye hana dai. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, vifungu vya 125 hadi 129, inalinda dini zote dhidi ya matusi ya makusudi na fujo katika ibada, na ya Kenya, Sura ya 63, ina vifungu vinavyofanana na hivyo kuanzia cha 134. Sheria ile ile utakayoitaka ikulinde kesho ndiyo inayomlinda jirani yako leo. Kesi kama hizi zikiitwa mateso, siku yakija ya kweli hakuna atakayeamini.

Kukimbia

"Watakapowafukuza katika mji huu, kimbilieni mwingine" ni amri ya Yesu, Mathayo 10:23. Wapo wanaoona aibu kukimbia, lakini kanisa la kwanza lilishajifunza ubaya wa kujipeleka. Habari za kuuawa kwa Polikarpo, askofu wa Smirna, katikati ya karne ya 2, zinamtaja mtu aitwaye Kwinto kutoka Frigia. Alijitokeza mwenyewe kwa hiari na kuwashawishi wengine wajitokeze pia. Alipowaona wanyama wakali, akakana. Polikarpo, ambaye alikubali kuhamishwa shamba hadi shamba mpaka alipokamatwa, ndiye aliyesimama hadi mwisho. Waandishi wa habari ile wanasema wazi kwamba hawawasifu wanaojipeleka.

Kwa viongozi swali ni gumu zaidi, maana Yesu alisema mchungaji wa mshahara hukimbia amwonapo mbwamwitu. Jibu zuri kuliko yote niliyosoma ni la Agostino wa Hippo, aliyemwandikia askofu mwenzake Honoratus wakati Wavandali walipokuwa wakiteka Afrika ya Kaskazini. Anatenganisha hali mbili. Kama anayetafutwa ni kiongozi fulani peke yake, na wapo wengine wa kuhudumia waumini, aende. Kama hatari ni ya wote, basi ama wote waondoke pamoja, ama watumishi wabaki na wale wasioweza kuondoka: wagonjwa, wazee, wenye watoto. Na watumishi wakishindana nani abaki, wapige kura. Wachungaji na mapadri wa Beni na Ituri, mashariki mwa Kongo, wanaoishi na mashambulizi ya waasi wa ADF wanalijua swali hili kwa ngozi zao. Baraza la wazee likae lilijibu wakati wa utulivu, liandike majina: nani ana gari au pikipiki, wajane gani hawana wa kuwabeba, nani anashika daftari la waumini na nani ana nakala yake.

Aliyefukuzwa nyumbani

Kwa kanisa la kawaida la mtaani, mateso hayaji na bunduki. Huja na kijana aliyebatizwa ambaye ukoo wake umemkataa. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, na mengi yanafanywa na Wakristo wenyewe.

Kosa la kwanza ni picha. Ubatizo umefanyika asubuhi, mchana picha ziko kwenye status ya kwaya nzima, jioni baba yake anazo. Mwongofu ambaye familia yake haijajua asipigwe picha, asitajwe jina kwenye matangazo, na asipandishwe jukwaani kutoa ushuhuda wa "nilikotoka". Mikutano ya injili inapenda sana shuhuda za namna hiyo kwa sababu zinajaza uwanja. Zinamgharimu mtu maisha yake ili mkutano upate makofi. Kosa la pili ni ombi la maombi. Mtu anaandika kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili: "Tumwombee dada yetu, amefukuzwa, kwa sasa yuko kwa mama fulani, karibu na shule." Umeshatoa ramani. Petro alipotoka gerezani, Luka anaandika tu kwamba "akaenda mahali pengine", hasemi wapi. Iigeni hiyo. Wanaojua alipo wawe watu watatu basi: mzee mmoja, mama mmoja wa kanisa, na mwenye nyumba anamolala.

Nyumba hiyo isiwe ya mchungaji, kwa sababu ndiko watakakoanza kumtafuta. Iwe kata nyingine, ikiwezekana ya familia yenye mke na mume. Msichana asiwekwe kamwe kwa mwanamume anayeishi peke yake, hata awe shemasi wa namna gani. Kesi ya imani itageuka kesi nyingine siku hiyo hiyo.

Halafu umri. Akiwa chini ya miaka 18, kanisa halina mamlaka ya kumficha, na wazazi wakienda polisi wazee wa kanisa wanaweza kushtakiwa kwa kumtorosha mtoto. Kama anapigwa au anatishiwa kuuawa, apelekwe siku ile ile kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, na kwa Kenya kwa ofisa wa watoto wa kaunti ndogo. Kama hapigwi, bali amekatazwa kanisa tu, akae nyumbani kwao, atii wazazi, asali moyoni, asubiri. Miaka miwili ya kusubiri haijamwangamiza mtu. Mtoto kukatwa na wazazi wake kwa haraka ya watu wazima, hilo limeangamiza wengi.

Akiwa mtu mzima, fikiria vitu vitatu haraka: vyeti, simu, na fedha. Vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kitambulisho cha taifa na pasipoti kama anayo, avitoe nyumbani kabla hajatangaza lolote, au angalau avipige picha na kumpa mtu anayemwamini. Vikichomwa kurudisha vyote huchukua miezi: kwa Tanzania ni taarifa ya upotevu polisi, halafu RITA kwa cheti cha kuzaliwa, halafu NIDA kwa kitambulisho, halafu baraza la mitihani. Simu nayo ina mtego ambao wengi hawaufikirii. Laini nyingi za vijana zimesajiliwa kwa kitambulisho cha baba au kaka. Aliyesajili anaweza kuifunga laini au kuirudisha kwake kwenye simu nyingine, na kuanzia hapo ujumbe na fedha zilizomo vinaingia mikononi mwake. Asajili laini mpya kwa alama zake za vidole, abadili nywila za barua pepe na Facebook, azime kuonyesha mahali alipo, aangalie pia kama WhatsApp yake imeunganishwa na kompyuta ya nyumbani.

Fedha: mwenye nyumba wa mjini anataka kodi ya miezi mitatu, wengine sita, kwa mkupuo. Ongeza godoro, sufuria, chakula. Kanisa lisilo na mfuko wa dharura wa kulipa angalau miezi mitatu litamwambia mtu "Mungu atafungua njia", na wiki ya pili atakuwa amerudi kwao au ameangukia mikononi mwa mtu mbaya. Msaada uwe na ukomo unaojulikana tangu siku ya kwanza, tuseme miezi sita, na lengo liwe kazi au ufundi. Kuna pia wanaozunguka kanisa hadi kanisa na hadithi ya kufukuzwa ili wapate nauli. Kwa hiyo mpigie simu mchungaji wa alikotoka na ulipe kodi kwa mwenye nyumba moja kwa moja, bila kumweka mtu kizimbani kama mtuhumiwa.

Mke aliyeamini huku mume hajaamini ni suala jingine kabisa. Paulo, 1 Wakorintho 7, anasema mume akikubali kukaa naye asimwache. Mhudumu anayemwambia mama wa watoto wanne aondoke kwa sababu mumewe si Mkristo anakwenda kinyume na Biblia aliyoishika. Akipigwa, hiyo ni jinai, na njia yake ni polisi.

Mlango wa kwa wazazi usipigiliwe misumari. Mwongofu aendelee kupiga simu Idi, atume chochote mama akiugua, aende msibani, ale kilichopikwa. Ukoo mwingi hulegea baada ya mwaka au miwili, hasa mjukuu akizaliwa, na hulegea kwa yule tu ambaye hakuwatukana alipoondoka.

Kudai haki

Paulo alitumia uraia wake bila kuona haya. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inataja waziwazi uhuru wa mtu kubadilisha dini au imani yake. Kenya ni ibara ya 32, Uganda ya 29, Kongo ya 22. Ile ya Kenya inakataza pia kumnyima mtu kazi, nafasi katika taasisi au huduma kwa sababu ya imani, na kwa hoja za namna hiyo Waadventista Wasabato walikwenda mahakamani kuhusu wanafunzi kulazimishwa masomo Jumamosi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwapa haki. Walipeleka barua na viapo, hawakuvunja dirisha hata moja.

Kesi huishi au hufa kwa kumbukumbu. Nunua daftari la kawaida. Andika tarehe, saa, mahali, nani alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, nani alisikia. Andika siku hiyo hiyo, usingoje mkutano wa wazee. Ujumbe wa vitisho usiufute wala usiusambaze: piga picha ya skrini inayoonyesha namba na saa, kisha iache simu na ujumbe wake ndani. Aliyejeruhiwa apate fomu ya polisi, PF3 kwa Tanzania na P3 kwa Kenya. Kama anavuja damu akatibiwe kwanza na fomu ifuate, ila ifuate, kwa sababu bila hiyo daktari anakosa mahali pa kuandika kwa ajili ya mahakama. Kituoni usitoke bila namba ya taarifa yako: RB upande wa Tanzania, OB upande wa Kenya. Ofisa akikwambia "mkayamalize kifamilia", omba kwa adabu aandike taarifa kwanza, kumaliza kutakuja baadaye. Nenda na mtu mmoja mwenye kichwa kilichotulia. Kundi la waumini thelathini wakiimba mlangoni mwa kituo linageuza malalamiko kuwa mkusanyiko usio halali.

Kabla ya polisi, au sambamba nao, mwenyekiti wa serikali ya mtaa au chifu ajue. Aelezwe jambo lenyewe, bila mahubiri. Na kama kuna kamati ya amani ya viongozi wa dini wilayani, mchungaji awe amejuana na shehe wa eneo hilo kabla ya mgogoro, wamekunywa chai pamoja, wana namba za simu. Simu ya shehe mmoja usiku inaweza kutawanya vijana ambao gari la polisi lingewachochea.

Anayevuka mpaka kuomba ukimbizi ajue kwamba dini ni mojawapo ya sababu zinazotambuliwa na Mkataba wa mwaka 1951. Ajiandikishe mapema kwa mamlaka ya wakimbizi. Barua ya mchungaji iseme yale tu mchungaji aliyoyaona. Barua iliyotiwa chumvi ndiyo inayoangusha madai ya kweli, kwa kuwa tarehe zake zitagongana na za mhusika kwenye usaili.

Jengo na ibada

Baada ya bomu la kanisani Olasiti, Arusha, Mei 2013, na lile la Kasindi, Kongo, Januari 2023, makanisa mengi yaliweka walinzi kwa wiki chache kisha yakasahau. Mambo machache ya kudumu yanatosha: milango miwili inayofunguka kwa nje na isiyofungwa kufuli ibada ikiendelea, magari yasiegeshwe ukutani, wahudumu wawili langoni wanaowajua waumini kwa sura, begi lisilo na mwenyewe lisiguswe bali watu watoke kwa mlango wa upande wa pili, na mwalimu wa Sunday school awe na orodha ya watoto wa siku hiyo. Baada ya shambulio msikusanyike wote mahali pamoja nje, maana bomu la pili hulenga hapo. Msifagie eneo kabla polisi hawajafika. Na maiti za watu zisirushwe mtandaoni.

Wafanyakazi wetu walio Ghuba wana sheria tofauti kila nchi. Oman, kwa mfano, ina viwanja vya ibada vilivyoruhusiwa na serikali, Ruwi na Ghala mjini Muscat, na nje ya hapo kukusanyika kunahitaji uangalifu. Saudi Arabia hairuhusu ibada ya hadharani ya dini nyingine, na kuhubiri ni kosa. Dada wa kazi za ndani aombe chumbani kwake, asifundishe watoto wa mwajiri nyimbo za Yesu, na asiitishe kikundi nyumbani humo. Hamkani Bwana kwa kufunga mdomo mbele ya watoto wa wenyewe.

Kisasi

Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam, ugomvi wa watoto wawili juu ya msahafu uliishia makanisa kuchomwa. Siku kama hizo hatari ya pili ni vijana wa kanisa. Kabla ya mazishi au maombi ya hadhara, wazee wakae nao uso kwa uso, wawape kazi: kulinda mali, kuhesabu hasara, kupika kwa ajili ya waliokosa makazi. Kijana asiye na kazi siku hiyo atajitafutia mwenyewe. Na mhubiri achunge mdomo. Waliochoma ni watu wenye majina, wakamatwe kwa majina yao, isisemwe "Waislamu wametuchomea". Mandera, Kenya, Desemba 2015, Waislamu waliokuwa ndani ya basi walikataa kujitenga na Wakristo walipotakiwa na wenye bunduki, na mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi siku ile, akafa mwezi uliofuata.

Historia ya Buganda, ufalme ulio Uganda ya leo, inasomwa nusu. Tunasimulia mashahidi waliochomwa moto Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake. Hatusimulii kwamba chini ya Kabaka Mutesa, miaka kama kumi kabla, vijana wa Kiislamu waliuawa kwa sababu ya dini yao, wala kwamba Januari 1892, hazijapita hata miaka sita tangu moto ule, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana wao kwa wao Mengo kugombea madaraka. Ndugu wa mashahidi walishika bunduki dhidi ya ndugu wa mashahidi. Kuteswa hakumfanyi mtu kuwa mwema.

Walioanguka

Hili hukwepwa. Mtu amewekewa panga shingoni, akaambiwa atamke maneno, akatamka. Amerudi kanisani. Mnamfanyaje?

Karthago, mji wa Afrika ya Kaskazini, ilikutana na jambo hili kwa maelfu. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru kila mtu atoe sadaka kwa miungu na kupewa hati ya ushahidi, na baadhi ya hati hizo zimefukuliwa Misri hadi leo. Wengine walitoa sadaka, wengine walinunua hati kwa rushwa bila kutoa sadaka. Askofu Sipriani alikuwa amejificha, akiongoza kwa barua, na alisemwa sana kwa hilo. Aliporudi mwaka 251, mkutano wa maaskofu haukuwafungia wote nje, kama Novatiano wa Rumi alivyotaka, wala haukuwapokea wote siku moja. Walionunua hati walisikilizwa mmoja mmoja, wakapokelewa. Waliotoa sadaka walipewa toba ndefu. Mwaka mmoja au miwili baadaye, mateso mapya yalipokaribia, waliokuwa kwenye toba walipokelewa wote, ili wasiingie vitani bila silaha. Mwaka 258 Sipriani mwenyewe alikatwa kichwa, safari hii hakukimbia.

Uzuri wa utaratibu ule ni kwamba ulipima. Aliyetamka kwa panga si sawa na aliyewataja wenzake, na aliyewataja baada ya kuteswa si sawa na aliyewauza kwa fedha. Asikilizwe na watu wawili, faragha, bila kuandikwa kwenye taarifa ya kanisa. Usingizi ukikosekana, akishtuka kila mlango ukigongwa, apelekwe hospitali kwa mtaalamu wa afya ya akili, maombi yakiendelea. Kama alikuwa kiongozi, apumzike uongozi kwa muda uliotajwa, mathalani mwaka mmoja, na aendelee kuketi na wenzake ibadani. Aliowataja waulizwe kama wako tayari kuonana naye, na wasilazimishwe kusema wamesamehe mbele ya kanisa Jumapili hiyo hiyo.